Jicho la Ndege

Kobalti ni nyeusi.
Hilo ndilo la kwanza nililoambiwa Gzhel,
nimevua buti, theluji ikiyeyuka sakafuni,
vidole vyangu bado vina ganzi ya treni:
nyeusi kama masizi ya chungu,
nawe utaipaka nyeusi hiyo mwaka baada ya mwaka
huku ukisema buluu, buluu,
mpaka moto ukusadiki.

Kapitolina Savelyevna hakuongeza neno.
Alichovya brashi ya manyoya ya kindi,
akailisha rangi ubavu mmoja,
ubavu wa pili maji matupu,
kisha akaizungusha kama mtu anayefungua kitasa,
na petali ikazaliwa na kivuli chake
kwa mkupuo mmoja.

Kauri iliyochomwa mara moja ina kiu.
Huinywa rangi kabla hujajuta.
Hapana kufuta.
Niliharibu vikombe arobaini na kimoja majira yale ya baridi;
Yefim wa tanuri alivihesabu kwa chaki mlangoni,
chini ya kalenda ya mwaka juzi.

Yeye alichora mabuli, visahani, bakuli za jemu:
waridi, jani, waridi, uzio wa vistari,
na ndege yule yule wa mkia mrefu
anayetazama nyuma kana kwamba ameitwa.
Jicho aliliweka mwisho. Nukta moja.
Alizuia pumzi,
na chumba kizima, bila kujua, tulizuia naye.

Hakuwahi kuzaa.
Mtoto aliyempata ni mtoto wa jicho,
la kushoto kwanza, kisha la kulia,
na msimamizi hakuambiwa.
Mimi nilijua kwa chai: aliimimina kando ya kikombe,
akapangusa meza kwa kiwiko
huku akiendelea kulaani bei ya kabichi.
Skafu yangu ya kijani aliiita ya kahawia.
Lakini buluu?
Buluu hakuwahi kuiona wakati wa kuipaka.
Miaka thelathini na minane aliitafuta ndani ya weusi.
Upofu ulipobisha hodi
ulimkuta ameshauzoea.

Jumanne moja ya Machi
ndege wa buli kubwa alitoka mkononi mwake hana jicho.
Saini ipo kitakoni, mkia upo, kucha zipo,
uso tu mtupu kama ganda la yai.
Yeye ameinuka kutafuta koti.
Yefim yuaja na ubao wake begani.
Nikachukua brashi, yake, si yangu.
Nikagusa.
Nikaogopa.
Nikagusa tena.

Kisha uji mweupe wa kioo ukammeza ndege mzima,
na usiku kucha tanuri likanguruma,
digrii elfu moja na mia tatu na ushee,
nami nikalala na viatu miguuni.

Asubuhi buli lilitoka la buluu,
ile buluu ya jioni ya Januari
theluji inapokataa kuzimika.
Kapitolina akalipeleka dirishani,
akalisogeza mpaka likamgusa pua.
Kidole gumba kikapita juu ya ndege;
kioo kimelala sawa, kidole hakina cha kusoma.
Mitaani trekta lilikuwa likisukuma barafu.
Likapita lote.

"Umegusa mara mbili," akasema.
"Jicho lililoguswa mara mbili hupepesa."

Hakushukuru. Hakukemea.
Akavuta kiti, akatwaa kikombe kikavu:
waridi, jani, mkia, shingo iliyogeuka.
Akasita pale pale ambapo mimi ningesita.
Kisha akakisukuma kikombe upande wa kushoto, kwangu,
uso wa ndege ungali mtupu,
akaikunja mikono yake juu ya aproni
na kuzuia pumzi.